MAONI: Ubingwa wa taifa wa baiskeli uanzie pia Fizi na Baraka

Siku ya soko, vijana wanashuka kutoka milima ya Fizi hadi Baraka wakiwa na magunia ya mihogo na bidoni za mawese juu ya baiskeli. Jioni wanapanda tena na chumvi, sabuni na ndakala, wengi wakisukuma kwa mikono. Gia ni moja tu, na breki mara nyingi ni kambambili inayokandamizwa kwenye tairi. Hakuna anayewaita wanamichezo.

Hata hivyo, ufundi wao hauko mbali sana na mchezo wa velodromu, yaani mbio za baiskeli kwenye uwanja wa mviringo. Baiskeli ya mchezo huo nayo ina gia moja na haina breki kabisa. Uwanja wa mashindano makubwa ya dunia una mzunguko wa mita 250, na kwenye kona njia yake inainuka kama ukuta. Katika mbio za kilomita moja, mtu anaanza akiwa amesimama, peke yake, akishindana na saa. Mabingwa wa dunia wanaimaliza chini ya dakika moja. Kinachohitajika kwanza ni miguu yenye nguvu, na hiyo Fizi inayo.

Kinachokosekana ni njia ya kufika. Kinshasa kuna uwanja ambao mpaka leo unaitwa Velodromu, katika komini ya Kintambo, lakini wakaaji wengi wanaujua kwa mpira wa miguu. Na hata kama mbio zingerudi pale kesho, kutoka Baraka hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa njia ya ndege, na kwa barabara ni safari ambayo mtu wa kawaida hawezi kuipanga. Tiketi ya ndege inapita bei ya baiskeli anayoendesha kijana huyo. Ubingwa unaofikiwa na mwenye tiketi peke yake hauwezi kuitwa wa taifa.

Dawa si kujenga velodromu Baraka. Hiyo ni ahadi ya wakati wa kampeni, na wakaaji wamekwisha kusikia nyingi za namna hiyo. Kinachowezekana ni kidogo zaidi: kipande cha barabara tambarare karibu na ziwa, kilomita moja iliyopimwa kwa kamba, kufungwa kwa asubuhi moja, na saa mbili za kupimia mikononi mwa watu wawili wasiojuana. Wakimbiaji wagawanywe makundi: wenye baiskeli za mbio, wenye baiskeli za mizigo, na wasichana wapate kundi lao. Nchini Kenya, mbio kadhaa zimetengea nafasi baiskeli nzito inayoitwa Black Mamba, ileile ya kubebea maziwa na maji. Hakuna aliyeona aibu.

Ni kweli, muda wa barabarani si sawa na muda wa velodromu. Upepo wa ziwa peke yake unaweza kubadili matokeo. Ndiyo maana mbio hizo zisitoe taji. Zitoe majina ya wale wanaostahili kupelekwa kujifunza kona na mteremko wa uwanja, na nauli yao ilipwe na jimbo pamoja na shirikisho la baiskeli kabla ya tarehe ya ubingwa kutangazwa. Ofisi ya meya wa Baraka na ile ya msimamizi wa teritwari ya Fizi zinaweza kuanza na kitu kimoja kisicho na gharama kubwa: daftari la majina.

Wapo watakaosema huu si wakati wake. Bukavu iko mikononi mwa AFC/M23 tangu Februari 2025, watu wanakimbia vijiji, na Lusenda bado kuna kambi ya wakimbizi wa Burundi. Hoja hiyo ina uzito. Mbio haziwezi kufanyika mahali ambapo risasi zinalia, na hakuna medali inayoweza kulinganishwa na chakula cha mtu aliyekimbia makwao.

Lakini makundi yenye silaha hayamwambii kijana wa Fizi alipe nauli kwanza. Yanamfuata mpaka kijijini, yanamwita kwa jina, yanampa kazi siku hiyohiyo. Serikali na mashirikisho yake yanamngoja Kinshasa. Kati ya anayekuja na anayengoja, si vigumu kujua nani atampata.

Eritrea si nchi tajiri, lakini Biniam Girmay alitoka huko akashinda hatua 3 za Tour de France mwaka 2024 na kuvaa jezi ya kijani mpaka mwisho. Huko baiskeli ni mchezo wa watu, na mbio ziko karibu na nyumba zao. Fizi inaweza kuanza na kilomita moja, asubuhi moja, pale usalama unaporuhusu. Anayepandisha gunia mlimani kila wiki anastahili walau kupimwa kwa saa.