Kiuno Kinachouma Hakitaki Kulazwa

Huku Turkana nchini Kenya, kuanzia Lodwar hadi Kakuma, na hadi Lokiriama kule magharibi karibu na mpaka wa Uganda, mtu akishikwa na maumivu ya kiuno hupewa ushauri ule ule: lala, usiiname, usibebe chochote mpaka maumivu yaishe. Jirani husema hivyo, muuza dawa husema hivyo, na wapo wahudumu wa afya wanaosema hivyo pia. Ushauri huu hutolewa kwa huruma, ndiyo maana hakuna anayeupinga. Lakini ni ushauri mbaya. Unachelewesha kupona, unalegeza misuli inayoushika uti wa mgongo, na unampandikizia mgonjwa hofu ambayo mara nyingi hudumu kuliko maumivu yenyewe. Wakati wa kuuacha umefika.

Ushahidi dhidi yake si wa jana. Mwaka 1986 nchini Marekani, Richard Deyo na wenzake waliwagawa wagonjwa wa kiuno katika makundi mawili: wengine waliambiwa walale siku 2, wengine siku 7. Waliolala wiki nzima hawakupata nafuu yoyote ya ziada, na wale wa siku 2 walikosa kazi siku chache zaidi kwa asilimia 45. Mwaka 1995, watafiti wa Helsinki walikwenda mbele zaidi. Waliwalinganisha wagonjwa waliolazwa siku 2, waliopewa mazoezi ya mgongo, na walioambiwa waendelee na shughuli zao kwa kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona vizuri zaidi ni hao wa mwisho, na waliochelewa kuliko wote ni wale wa kitandani. Ni kweli kwamba hapo mazoezi rasmi hayakuongoza, na haifai kuficha jambo hilo: katika siku za kwanza, mwili unahitaji tu kuachwa uendelee kutembea. Mazoezi yana nafasi yake pale maumivu yanapokataa kuondoka. Ndiyo sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023, unaohusu maumivu sugu ya kiuno, unapendekeza mazoezi na elimu kwa mgonjwa, na hauungi mkono mikanda ya kiuno wala mashine za kuvuta mgongo.

Mizizi ya imani kwamba kiuno kinahitaji kulazwa iko mahali pengine. Watu huamini kwamba kiuno kikiuma, basi kuna kitu kimevunjika, kimesagika au kimetoka mahali pake, na kitu kilichovunjika hakiguswi. Lakini kwa wagonjwa wapatao 9 kati ya 10 wa kiuno hakuna jeraha mahususi linaloweza kuonyeshwa kuwa ndilo chanzo. Picha nazo hudanganya. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya picha za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Watu hao walikuwa wazima, wanatembea na kufanya kazi. Kwa hiyo familia inayouza mbuzi ili mzee apelekwe mbali kupigwa picha, kisha akarudi na karatasi inayosema diski zimechakaa, mara nyingi imenunua jina la kuogopesha la jambo ambalo umri humletea karibu kila binadamu. Baada ya hapo mzee haondoki tena kwenye mkeka.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa akina mama. Mwanamke wa Lokiriama anayeamka kabla ya jua kwenda kuchota maji hana nafasi ya kulala hata akitaka. Kumwambia aendelee kujishughulisha kunasikika kama ukatili. Pingamizi hili lina haki ya kujibiwa kwa makini. Mtungi wa lita 20 ukijaa una kilo 20 za maji. Anayechota kwenye kisima kilichochimbwa katika mchanga wa mto mkavu huinama shimoni muda mrefu, akijaza kikombe kwa kikombe, kisha huunyanyua mtungi akiwa amejipinda, mikono imenyooka mbele. Hakuna mtaalamu wa tiba ya viungo mwenye akili atakayemwambia aendelee vivyo hivyo. Atamwambia apunguze mzigo, si mwendo: kwa wiki chache abebe mtungi mmoja wa lita 10 kwa kila safari, au punda abebe, au watoto wakubwa na wanaume wa boma washike zamu. Atamwonyesha kusimama miguu ikiwa imepanuka, kuuvuta mtungi ugusane na mwili kabla ya kuuinua, na kugeuka kwa miguu badala ya kiuno. Kisha atamlaza chali kwenye ngozi, magoti yakiwa yamekunjwa, ainue nyonga taratibu, avute pumzi mara mbili au tatu na kuzishusha. Aanze na mara 5, na aongeze mwili ukikubali. Kumlaza kabisa hakumpunguzii kazi hata chembe, kwa sababu maji yatahitajika tu, na siku atakaporudi kisimani atarudi na mgongo dhaifu zaidi.

Mbadala wa kulala umekuwa sindano. Katika maduka ya dawa ya miji yetu, dawa ya maumivu iitwayo diclofenac hununuliwa bila vipimo, na wengi huinunua wakiamini kwamba wanaumwa figo. Hili linaniuma sana. Dawa za jamii hiyo hupunguza damu inayofika kwenye figo, na hatari huongezeka mtu anapokosa maji mwilini. Katika joto la Turkana, ambako mchana hupita nyuzi 35 na maji ni ya kupimwa, mtu anayejidunga wiki baada ya wiki anaweza kujitafutia ugonjwa ule ule anaodhani anautibu.

Wengine watasema kuna viuno vinavyoua. Ni kweli, na katika jamii ya wafugaji tahadhari hiyo lazima iwe kubwa. Kifua kikuu hushambulia pingili za mgongo. Homa ya brusela, inayotokana na maziwa yasiyochemshwa na kushika mifugo inayotoa mimba, huleta maumivu makali ya kiuno. Mwenye homa za jioni, anayekonda, anayezidiwa na maumivu usiku au aliyeanguka kwenye bodaboda anahitaji daktari kwanza. Anayekufa ganzi kati ya mapaja au kushindwa kuuzuia mkojo anatakiwa hospitalini siku hiyo hiyo. Lakini hata hawa hawaponywi na mkeka. Anayemwambia mtu mwenye kifua kikuu cha mgongo akalale nyumbani miezi miwili amemnyima dawa. Mtaalamu wa tiba ya viungo amefundishwa kuziuliza dalili hizi kabla hajamshika mgonjwa, na hiyo ni sababu nyingine ya kumwendea mapema.

Linabaki suala la umbali. Wataalamu hao ni wachache na wamejikusanya mijini. Safari ya kutoka Lokiriama hadi hospitali ya rufaa ya Lodwar kila wiki haiwezekani kwa mtu wa kawaida. Lakini tiba hii haitegemei mashine. Ziara moja ya kupimwa na kufundishwa, kisha kazi inaendelea bomani. Utafiti wa Australia wa 2024 uliwafuata watu 701 waliokuwa wametoka kupona kiuno. Kati ya walioelekezwa na mtaalamu kutembea kwa mpango, nusu walikaa siku 208 au zaidi kabla maumivu kurudi; kwa wasioelekezwa, ilikuwa siku 112. Kutembea bila mzigo hakuna bei. Tangu 2023 serikali imesambaza wahudumu wa afya ya jamii nchi nzima. Wafundishwe zile dalili za hatari na mazoezi machache, na waache kuwaambia watu walale. Kila Septemba Waturkana na Wamatheniko wa upande wa Uganda hukusanyika Lokiriama kuadhimisha mkataba wao wa amani wa 1973. Kaunti inaweza kutuma huko mtaalamu mmoja wa tiba ya viungo, mwaka huu, akiwa na mikeka kadhaa na mkalimani wa Kiturkana.