WANAKUFUNDISHA KUUPENDA MVINYO, KISHA WANAKUAMBIA SI POMBE



Ndugu zangu katika imani, andiko la leo ni refu kidogo. Asiye na nafasi sasa alihifadhi, alisome baada ya Isha.

Kuna maneno yamezagaa kwa vijana wetu, na sasa yamefika mpaka huku kwetu Kibiti na Ikwiriri. Wanasema mvinyo mwekundu si pombe kama pombe. Pombe ni gongo, pombe ni uraka wa mabibo unaomlaza mtu mtaroni msimu wa korosho. Waini ni ya watu wastaarabu, glasi moja na chakula, tena inasaidia moyo. Ukisema ni chungu wanakucheka: "Hujajifunza tu." Anza na mtamu. Ukizoea, nenda kwenye ule usio na sukari, wanaouita mkavu. Zungusha glasi, nusa, onja kidogo. Jaribu wa Dodoma, jaribu wa Afrika Kusini, mpaka umpate "wako".

Kijana wa huko delta, mtoto wa wavuvi wa kamba, sasa anahudumu kwenye hoteli Dar es Salaam, ameniandikia: "Sheikh, mimi sijawahi kulewa hata siku moja. Nimejifunza tu, na nimepata mmoja ninaoupenda. Kosa langu liko wapi?" Namjibu hapa bila kumtaja, kwa sababu wanaouliza hivyo ni wengi.

Mwanangu, litazame hilo neno "kujifunza". Ukali unaokunja uso unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na maganda hayo ndiyo yanayoupa mvinyo wekundu wake. Ulimi wako uliukataa siku ya kwanza. Mwalimu wako alijua utaukataa, ndiyo maana akakuanzishia mtamu.

Atatokea mtu aseme: mbona hata kahawa chungu ya barazani watu hujifunza? Swali zuri. Na kahawa iliwahi kupigwa marufuku Makka mwaka 1511, wakaidhania kileo, kisha marufuku ile ikaondolewa na mpaka leo tunainywa na kashata. Kwa hiyo uchungu si hoja, na kuzoea ladha si dhambi. Kahawa inakuacha macho, unaswali Tahajudi. Kile kingine kinaifunika akili, na Sayyidna Omar (r.a.) alipohutubu juu ya mimbari alilieleza neno khamri kwa maana hiyo hiyo: kile kinachoifunika akili.

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo penye jambo. Allah hakuharamisha pombe kwa siku moja. Suratun Nahl aya ya 67 inataja kileo kitokanacho na tende na zabibu, na riziki njema ikatajwa kando yake. Al-Baqara 219 ikaja: ndani yake mna dhambi kubwa na manufaa kwa watu, na dhambi imezidi manufaa. An-Nisaa 43 ikakataza kuikaribia swala mtu akiwa amelewa. Mwisho Al-Maida 90 na 91 zikaifunga kabisa. Ngazi kwa ngazi, Mola aliwatoa watu shimoni kwa huruma.

Mwalimu wako wa mvinyo anatumia ngazi ile ile, ila anakurudisha chini. Leo mtamu, kesho mkavu, keshokutwa chupa nyumbani. Huruma ya Mola katika kuwatoa watu, yeye ameigeuza ufundi wa kuwaingiza.

Wengine wanashika jambo la zabibu: khamri ni ya zabibu, basi mnazi hautuhusu. Wengine wanageuza: kilichokatazwa ni ulevi wa kienyeji, si mvinyo wa chupa. Wote wawili wamsome Anas (r.a.). Siku aya iliposhuka alikuwa anawanywesha watu nyumbani kwa Abu Talha, na kinywaji kilikuwa cha tende. Mnadi aliponadi, kikamwagwa kikatiririka njiani Madina. Hakuna aliyeuliza kimetoka kwenye tunda gani. Na Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba chenye kulewesha kingi chake, kidogo chake ni haramu. Hapo ndipo ilipokufa hoja ya "sijawahi kulewa".

Wagema wetu wanalijua hili bila maabara. Tembo likiteremshwa asubuhi ni tamu, likikaa mpaka jioni linauma ulimi. Zabibu ni hivyo hivyo: maji yake ni halali, hamira ikishakula sukari yake yanakuwa kileo. Mvinyo wa kawaida una kileo cha asilimia 12 mpaka 14. Bia nyingi ni kama 5. Huo ndio unaoniambia si pombe!

Kuhusu moyo: maneno hayo yalivuma miaka ya 1990 kutokea habari za Wafaransa. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiwango cha kileo kilicho salama kwa afya, na tangu 1988 vinywaji vyenye kileo vimo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Unataka faida ya zabibu? Dodoma wanavuna mara 2 kwa mwaka. Nunua, osha, kula na wanao. Lakini hata madaktari wangethibitisha manufaa, aya ya 219 ilishayataja kabla yao, na hukumu haikubadilika.

Sasa kazi yako, mwanangu. Sitakudanganya: katika waliolaaniwa kwa ajili ya pombe wamo anayeibeba na anayewamiminia watu. Najua mshahara huo ndio unaonunua unga nyumbani kwenu, na najua mvua na maji ya mto vinavyofanya mashamba. Omba kuhamishiwa jikoni, mapokezi au kwenye ufuaji, kuanzia wiki hii. Wakikataa, anza kutafuta kwingine, na wenye biashara mnaosoma hapa msimwachie dua tupu, mpeni kazi.

Na chupa uliyoniambia imebaki nusu kabatini, usimpe jirani asiye Muislamu, wala usisubiri iwe siki. Abu Talha aliuliza juu ya pombe waliyorithi mayatima, mali ya mayatima, akaambiwa aimwage. Akauliza kuifanya siki, akakatazwa. Yako haina yatima. Imwage leo.

Wallahu a'lam.