KIPANYA KISICHAGUE MUKONO



Tunajua kwamba wengi watacheka wakiona kichwa cha maneno haya. Watasema: « Bakapita bamekosa mambo ya kuandika, sasa banaandika juu ya panya! » Muwaache wacheke, lakini wasome mupaka mwisho. Tunataka kusema juu ya kipanya cha ordinatere, kile chenye sisi wote tunaita « suri » katika kalasi, na juu ya wenzetu wenye kutumia mukono wa kushoto. Neno letu ni hili: shule ikinunua vipanya, inunue vile vinavyofaa mikono yote miwili, na kila mwanafunzi aachiwe kukishika na mukono wake.

Kwa nini tunasema leo? Ni kwa sababu vipanya vingi vya chumba chetu cha ordinatere vimekufa, na wakubwa wanataka kuleta vingine. Vile vilivyokuja mara ya mwisho vimechongwa kwa mukono wa kuume tu. Mugongo wake umepinda, kidole gumba kimetayarishiwa pahali pake upande wa kushoto, na waya ni mufupi, haufiki upande wa pili wa meza. Mutu wa kushoto akikishika, ni kama kuvaa kiatu cha kuume katika muguu wa kushoto. Utatembea, ndiyo, lakini namna gani?

Tupige hesabu pamoja. Kalasi iko na wanafunzi 48, ordinatere zinazofanya kazi ni 12, somo ni la dakika 50. Watu wane kwa mashine moja, kila mumoja anapata kama dakika 12, na hapo umeme haujakatika. Mwenye mukono wa kushoto anamaliza nusu ya dakika zake akipigana na kipanya. Kisha enterogasio inafika, anapata pointi kidogo, na tunasikia: « Ule hana akili ya ordinatere. » Kumbe akili iko. Chombo njo kibaya.

Tena hawa si watu wawili watatu. Wenye kuchunguza mambo hayo wanasema kwamba duniani karibu mutu mumoja kwa kila kumi anatumia mukono wa kushoto. Kwa kalasi yetu ya 48, wangekuwa wane ao watano. Kama tunaona wachache, ni kwa sababu wengine waligeuzwa kwa nguvu walipokuwa katika mwaka wa kwanza wa primere, wakipigwa juu ya vidole mupaka kalamu ihamie upande mwingine.

Sasa tuangalie kipanya chenyewe kilitoka wapi. Cha kwanza kilitengenezwa Marekani mwaka 1964, huko California, katika Stanford Research Institute. Wazo lilikuwa la Douglas Engelbart, na mwenzake Bill English ndiye aliyekiunda kwa mikono yake. Kilikuwa kisanduku kidogo cha muti, chenye magurudumu mawili chini na kifungo kimoja tu. Tarehe 9 Desemba 1968, Engelbart alikionyesha mbele ya watu wengi katika muji wa San Francisco. Mwaka 1984 kampuni ya Apple iliuza ordinatere yake Macintosh pamoja na kipanya cha kifungo kimoja, kilichonyooka, upande huu sawa na ule. Mukono wa kuume na mukono wa kushoto ilikikuta vilevile. Shida ilikuja pale vifungo vilipoongezeka, na watengenezaji wakaanza kupindisha umbo lifuate kiganja cha kuume. Hatusemi walifanya vibaya. Wale wa kuume walipumzika. Lakini wengine walisahauliwa.

Kipanya kinachofaa wote kiko namna gani? Si mambo ya uchawi. Umbo lake ni sawa pande zote mbili, ukikikata katikati nusu zinalingana. Vifungo viwili vya mbele vina ukubwa mumoja, na kigurudumu kiko katikati. Kama kuko vifungo vya ubavuni kwa kidole gumba, basi viwe pande zote mbili, ao visiwe kabisa. Waya uwe murefu wa kutosha kuzunguka mbele ya mashine. Ni hayo tu.

Kunabaki jambo moja la vifungo. Mutu wa kuume akishika kipanya, kidole chake cha shahada kinaangukia kifungo cha kushoto, na hicho ndicho kinachofanya kazi mingi. Ukihamisha kipanya upande wa kushoto, kidole kilekile kinaangukia kifungo cha kuume. Kwa hiyo lazima vifungo vibadilishane kazi. Programu ya Windows inakubali: unaingia katika « Paramètres », unatafuta « Souris », unachagua kifungo kikubwa kiwe cha kushoto ao cha kuume. Haipiti dakika moja. Wengine wa kushoto hawabadilishi hata vifungo, wanahamisha kipanya tu na vidole vinazoea. Kila mutu afanye vile anavyoona muzuri.

Na bei? Hapa ndipo tunapoomba ekonomu wetu asikie vizuri. Kwa kawaida vipanya vya bei ndogo ndivyo vilivyonyooka. Vile vilivyopindishwa ndivyo vinavyoomba franga zaidi. Hatuombi shule itoe makuta mengi. Tunaomba tu iangalie umbo mbele ya kulipa.

Wazee wetu walijua jambo hili zamani. Jembe halimuulizi mama: wewe ni wa kuume ao wa kushoto? Nyundo haikuwauliza baba zetu katika mugodi wa Kambove. Chombo kizuri kinafuata mutu. Lakini waulize wasichana wa kalasi ya ushonaji juu ya mukasi: mukasi wa kawaida umefungwa kwa mukono wa kuume, na mwenye kuushika na kushoto haoni vizuri mustari anaokata. Nguo ikiharibika, anagombezwa yeye, mukasi haugombezwi.

Tunajua ugumu unatoka mbali. Hata lugha zimekwisha kuchagua. Sisi tunasema mukono wa kuume, na hapo ndani kuna neno mume. Ndugu zetu wa pwani wanasema mukono wa kulia, maana yake ule wa kulia chakula. Katika Kifaransa cha masomo, « gauche » ni kushoto, tena ni mutu asiyejua kutumia mikono yake. Mutoto anasikia hayo kila siku, mwisho anasadiki kwamba yeye ameumbwa vibaya.

Kuna watakaosema: « Desturi yetu inakataza. Mukubwa hapewi kitu na mukono wa kushoto. » Ni kweli, na sisi hatutaki kuvunja heshima. Tukisalimu mukubwa, tukipokea kitu kwake, tutafuata vile wazazi walivyotufundisha, na wenzetu wa kushoto wanajua hayo kuliko sisi wote. Lakini kipanya si mukubwa. Kukishika na kushoto si kumutukana mutu.

Na kwa kuwa tuko katika shule ya misioni, tufungue Biblia. Katika Waamuzi 3, Ehudi aliyewaokoa Waisraeli alikuwa mutu wa mukono wa kushoto. Katika Waamuzi 20 tunasoma juu ya watu 700 wa kushoto, waliotupa mawe kwa kombeo bila kukosa. Wote hao walikuwa wa kabila la Benyamini, na jina hilo maana yake ni mwana wa mukono wa kuume! Tena katika 1 Mambo ya Nyakati 12 kuna Wabenyamini waliotumia mikono yote miwili, wa kuume na wa kushoto. Hatuoni pahali walipoambiwa wageuze mukono kwanza ndipo wahesabiwe pamoja na wengine.

Basi tuache Biblia, twende uwanjani. Kwa mupira, ni nani anayemupiga mutoto wa muguu wa kushoto? Hakuna! Tunamutafuta kila kalasi, tunamuweka ubavu wa kushoto, tunapiga makofi. Messi wa Argentina amecheza na kushoto na dunia nzima imemufuata. Vile muguu wa kushoto ni zawadi, mukono wa kushoto umekuwa kosa namna gani?

Wengine wanasema: « Watazoea. » Ndiyo, kuko waliozoea kuume, na wanafanya kazi vizuri. Hatutaki kuwalazimisha warudi kushoto, hiyo ingekuwa fimbo ileile iliyogeuzwa upande. Wengine wanasema: « Watavuruga mashine, mwenye kufuata hataelewa vifungo. » Dawa iko: Windows inaweka mapangilio ya kila mutumiaji mbali. Tufungue katika kila mashine jina la pili, tuliite « Kushoto ». Na wengine wanasema kuko shida kubwa kuliko hii: mabanki, vitabu, umeme. Ni kweli kabisa. Lakini shida ndogo yenye kuweza kuisha kesho asubuhi, isingojee ile kubwa ya miaka mingi.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwa wakubwa wa shule: vipanya vitakavyokuja viwe vimenyooka na waya murefu. Kwa mwalimu wa enformatike: mwanzoni mwa mwaka, aulize kila mwanafunzi anatumia mukono gani, na awaachie meza zenye nafasi upande wa kushoto. Kwa sisi kapita na wanafunzi wote: majina ya kucheka watu wa kushoto yaishe, kuanzia leo.

Na ninyi finalisti wenzetu wa Pedagojia, mutusikilize. Mwaka kesho wengi wenu mutasimama mbele ya watoto wa mwaka wa kwanza wa primere. Siku moja mutoto atachukua kalamu na kushoto, na fimbo itakuwa karibu na mukono wenu. Muiache palepale. Mugeuze daftari lake kidogo, mumuonyeshe namna ya kuandika bila kufuta wino, na muendelee na somo.

Kidole kimoja hakivunji chawa, wazee walisema. Shule yenye kutumia watu wa kuume peke yao imejikata yenyewe mukono mumoja.

Sisi kapita wa wanafunzi,
kalasi ya mwisho, Kambove