Ukungu na nyuso zetu

Historia ya upigaji picha isiishie kwa waanzilishi Niépce na Daguerre kule Ufaransa. Mlima Kenya, tunaouona kutoka huku Manyatta, Embu, ulipigwa picha mwaka 1899 na Campbell Hausburg, aliyekuwa kwenye msafara wa Mackinder wa kuupanda mlima huo.

Na kwa wanaoanza kupiga picha huku kwetu: ukimpiga picha mchuma majani chai asubuhi yenye ukungu, kamera hudanganywa na ule weupe, uso wake unatoka giza tupu. Ongeza mwanga kwa hatua moja, +1, au hata zaidi. Vidole vyake vina kasi, kwa hivyo weka kasi ya shata iwe 1/500 ya sekunde. Mwanga usipotosha, pandisha ISO hadi 800. Chenga kidogo zitakazotokea kwenye picha hazina neno. Tafadhali mhariri, mtuandikie kwa kina kuhusu kupiga picha ngozi nyeusi. Nyuso zikitoka giza, vijana wanalaumu simu zao bure.