Mchezo Ulionunua, Je, Ni Wako?

Likizo iliyopita nilinunua mchezo wa kompyuta kwa fedha nilizoziweka muhula mzima. Intaneti ilipokatika haukufunguka. Nikakaa nikiukodolea macho. Tangu siku hiyo nalinganisha maduka.

Steam, lililofunguliwa mwaka 2003, lina michezo tele, nalo hurudisha fedha ukiomba kabla siku 14 hazijapita, ikiwa hujacheza kutimiza saa 2. Epic, la mwaka 2018, hutoa mchezo wa bure kila juma. Lakini yote huuza ruhusa ya kucheza tu, wala huwezi kumwuzia mwenzio mchezo uliokuchosha. GOG ni vivyo hivyo, ila hukupa faili ya mchezo uiweke akiba, ifanye kazi hata pasipo intaneti.

Basi, wenzangu, bei rahisi isitupumbaze. Tujiulize kwanza: duka likifungwa kesho, tutabaki na nini mkononi?