Galoni Ipi, Tone Lipi? Vipimo vya Mtiririko Katika Hospitali za Simiyu

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma takribani lita 5 za damu kila dakika. Hizo ni ndoo 15 za lita 20 kwa saa moja. Figo zake huchuja takribani lita 180 kwa siku, yaani ndoo 9, kisha huyarudisha mwilini karibu maji yote hayo. Kwa hiyo tabibu, apende asipende, ni msimamizi wa mitiririko: damu, mkojo, pumzi, dripu, oksijeni, na hata maji ya bombani ambayo bila hayo chumba cha kujifungulia hakifai kuitwa hivyo. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba vipimo tunavyovitumia kueleza mitiririko hiyo katika hospitali na vituo vya afya vya Mkoa wa Simiyu havifanani, na kwamba kazi ya kuvilinganisha tumemwachia mtu asiyestahili kubebeshwa mzigo huo, naye ni muuguzi wa zamu ya usiku.

Tanzania ni nchi ya mita, lita na kilo. Hilo halina ubishi. Ubishi huja na mizigo. Simiyu ni mkoa mchanga, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, makao makuu yakawa Bariadi. Na mkoa mchanga hujijenga kwa vifaa vya kila asili. Mashine iliyotolewa msaada na watu wa Marekani huja na bamba lililoandikwa galoni kwa dakika au futi za ujazo. Pampu iliyonunuliwa kwa fedha za Serikali huja na mita za ujazo kwa saa. Kumbukumbu za visima na malambo ya zama za Waingereza, ikiwemo ile kazi kubwa ya Mpango wa Maendeleo wa Usukuma ulioanza mwaka 1947, ni za dola iliyopima maji kwa galoni kwa saa. Na wodini tunahesabu matone. Lugha nne katika jengo moja, na hatuna mkalimani aliyeajiriwa.

Tuanze na galoni, maana ndiyo yenye hila kubwa zaidi. Galoni ya Kiingereza ina lita 4.546. Galoni ya Kimarekani ina lita 3.785. Jina ni moja, lakini ujazo unatofautiana kwa takribani sehemu moja ya tano. Chukua pampu ya kisima yenye bamba lisemalo galoni 10 kwa dakika. Ikiwa ni galoni za Kiingereza, pampu hiyo hutoa lita 45 na nusu kwa dakika, yaani mita za ujazo 2.73 kwa saa. Ikiwa ni za Kimarekani, hutoa lita 37.9 kwa dakika, yaani mita za ujazo 2.27 kwa saa. Tofauti hiyo kwa dakika moja haimshtui mtu. Iendeshe pampu kwa saa 10 za jua na tofauti inafika lita 4,560.

Sasa tuzitafsiri lita hizo katika lugha ya hospitali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hukadiria lita 40 hadi 60 kwa siku kwa kila mgonjwa aliyelazwa, na lita 100 kwa kila upasuaji au huduma ya kujifungua. Lita 4,560 ni maji ya kuwahudumia akina mama 45 wanaojifungua, au ya wagonjwa 76 waliolazwa kwa siku nzima hata tukiwapa kiwango cha juu. Mhandisi aliyepanga tangi kwa galoni moja, na fundi aliyefunga pampu ya galoni nyingine, hawakugombana wala kudanganyana. Kila mmoja alifanya hesabu sahihi. Upungufu utaonekana miezi mingi baadaye, wakati wa kiangazi, mkunga atakapofungua bomba na kusikia upepo.

Ipo hoja kwamba jambo hili litakwisha lenyewe maji ya Ziwa Victoria yatakapofika kote. Mradi huo, unaogharimiwa na Serikali pamoja na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi na benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW, ni wa kushangiliwa, na waliobeba ndoo vichwani kutoka kwenye mchanga wa mto wana haki ya kushangilia kuliko sisi. Lakini bomba la ziwa huja hadi kwenye mita ya hospitali. Kutoka hapo hadi kwenye beseni la kunawia kuna pampu, matangi na mabamba yetu wenyewe.

Niliahidi kuzungumza juu ya muuguzi wa usiku, na kwake ndiko kwenye hatari halisi.

Tone si kipimo. Hili nalirudia katika kila mafunzo kazini, na bado naona nyuso zikishangaa. Tone ni kitu kinachoundwa na mrija, na kila mrija una tone lake. Seti ya dripu tuliyoizoea zaidi kwa watu wazima hutoa matone 20 kwa mililita moja. Seti ya watoto yenye sindano ndogo ndani ya chemba hutoa matone 60 kwa mililita. Seti zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huweza kuwa na matone 10 au 15. Idadi hiyo imeandikwa kwenye karatasi ya kifungashio, karatasi ambayo huchanwa na kutupwa kabla mtu hajaisoma.

Mfikirie mtoto wa kilo 10 ambaye daktari ameagiza apewe maji ya kawaida, mililita 40 kwa saa. Kwa seti ya watoto hesabu ni nyepesi mno, matone 40 kwa dakika, kwa sababu matone 60 na dakika 60 hukatana. Uzuri huo wa hesabu ndio mtego wenyewe. Katika wodi iliyozoea seti hiyo, agizo huandikwa kwa ufupi: matone 40. Kisha seti za watoto zinaisha stoo. Muuguzi anafunga seti ya matone 20, anahesabu matone 40 kwa uaminifu mkubwa, na mtoto anapokea mililita 120 kwa saa. Ikiwa seti iliyopatikana ni ya matone 10, anapokea mililita 240 kwa saa. Saa mkononi mwa muuguzi iko sahihi, hesabu ya matone iko sahihi, na mtoto anapata maji mara sita ya yale aliyoagizwa.

Je, mililita 240 kwa saa ni nyingi kiasi gani kwa mtoto wa kilo 10? Jibu la swali hilo lilipatikana katika nchi zetu wenyewe. Utafiti uliojulikana kwa jina la FEAST, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011, uliwahusisha watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko wa damu kudhoofika, katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania. Kwetu ilikuwa Teule, Muheza. Waliopewa maji mengi kwa haraka, kuanzia mililita 20 kwa kila kilo ndani ya saa moja, walifariki zaidi kuliko waliopewa maji ya kawaida tu: kati ya watoto 100, takribani 10 na nusu walifariki ndani ya saa 48 katika makundi ya maji ya haraka, ikilinganishwa na 7 na kidogo katika kundi la tatu. Watoto wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuhusishwa, na mwenye kuhara hadi kukaukiwa maji bado anahitaji dripu ya haraka kama mwongozo unavyoagiza. Lakini kwa mtoto wa kilo 10 mwenye malaria kali, kiwango kilichoonekana kudhuru huanzia mililita 200 kwa saa. Mtoto wetu wa seti ya matone 10 amekwisha kukivuka, bila daktari yeyote kuagiza.

Ndiyo maana siridhiki ninaposikia kwamba vipimo ni mambo ya mafundi. FEAST ilitufundisha kuwa mtiririko wenyewe ni dawa yenye kipimo cha kuponya na kipimo cha kuua. Hatukubali dawa nyingine yoyote iandikwe kwa kipimo kinachobadilika kila stoo inapobadilisha shehena.

Kwa upande wa oksijeni hali ni nafuu, kwa kuwa karibu dunia nzima husoma mtiririko wake kwa lita kwa dakika. Mtoto mchanga huhitaji kwa kawaida nusu lita hadi lita moja, na mkubwa kidogo lita moja hadi mbili. Tatizo liko kwenye mtungi. Mtungi mdogo wa kubebwa kwenye gari la wagonjwa, wa mtindo wa Kimarekani, hutajwa kuwa na futi za ujazo 24. Futi moja ya ujazo ni lita 28.3, hivyo ndani mna takribani lita 680. Kwa mgonjwa anayepumua lita 5 kwa dakika, mtungi uliojaa hudumu saa 2 na dakika 16. Kwa anayehitaji lita 10, ni saa 1 na dakika 8 tu. Mgonjwa wa rufaa anayetoka Bariadi kwenda Bugando hupita Lamadi, kisha hufuata barabara ya kando ya ziwa kupitia Magu hadi Mwanza. Anayeandaa safari hiyo hana haja ya futi za ujazo. Ana haja ya kujua kama oksijeni itamfikisha mgonjwa, na kama haitamfikisha, mtungi wa pili upakiwe kabla gari halijawashwa.

Wenzangu vijana hunijibu kuwa simu hufanya ubadilishaji huu wote kwa sekunde mbili. Ni kweli, ila simu hubadilisha kile ilichoambiwa. Ukiandika galoni, simu itakuuliza ni galoni ipi au itajichagulia yenyewe, na bamba la pampu halisemi. Kuhusu tone, simu haina la kusema kabisa mpaka uijulishe mrija ulioushika. Wengine husema tununue pampu za kielektroniki za dripu zinazohesabu mililita zenyewe. Nazitamani mno. Hata hivyo wodi yenye pampu mbili za aina hiyo na watoto 30 itaendelea kuhesabu matone kwa miaka mingi ijayo, na umeme ukikatika itahesabu hayo tu.

Msimamo wangu ni kwamba ubadilishaji wa vipimo ufanyike mlangoni, si kitandani. Ufanyike mara moja, mchana, na mtu aliyetulia mwenye kalamu na shahidi, siku kifaa kinapopokelewa. Usifanywe upya kila usiku na mtu mwenye wagonjwa 30. Kifaa chochote chenye kupitisha maji au hewa kisipewe namba ya mali ya hospitali mpaka kibandikwe lebo ya Kiswahili inayosema lita kwa dakika au lita kwa saa. Mtungi ubandikwe lita zake na saa zake. Boksi la seti za dripu lisitoke stoo bila kuandikwa kwa kalamu ya wino mzito idadi ya matone kwa mililita, na seti za aina mbili zisikae rafu moja. Agizo la daktari liandikwe kwa mililita kwa saa, daima. Matone yawe ni tafsiri inayoandikwa kando, pamoja na aina ya seti. Na anayetoa msaada aombwe mapema, kwa heshima, aeleze galoni yake ni ya nani.

Na mahali bamba linapotia shaka, tupime. Ndoo ya lita 20 na saa ya simu humaliza ubishi wote wa galoni: pampu ya galoni 10 za Kiingereza huijaza kwa sekunde 26, ile ya Kimarekani kwa sekunde 32. Kwa seti ya dripu, dondoshea mililita moja kwenye bomba la sindano na uhesabu matone. Ni kazi ya dakika moja, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi anaiweza.

Mkoa huu unajua kupima. Msimu wa pamba unapofunguliwa, mkulima wa Itilima au Meatu hamwagi pamba yake kwenye mzani asiouamini. Huutazama ukiwa mtupu, huuliza kama umekaguliwa na Wakala wa Vipimo, na asiporidhika hubeba mzigo wake na kusubiri. Mkulima huyohuyo humleta mwanawe hospitalini na kukaa kimya kando ya dripu, akiamini kuwa humo ndani tumekwisha kuukagua mzani. Waganga wakuu wa wilaya tano za mkoa wanaweza kuanza na jambo moja katika robo hii ya mwaka: wapite stoo zao, wafungue kila boksi la seti za dripu, na waandike juu yake namba iliyomo.