Kilo ya mwana-bokse haiko mambo ya kucheka

Katika migodi hakuna mutu asiyejua maana ya mizani. Kazi ya wiki nzima chini ya udongo inaishia pale kwenye mizani ya depo, na kama mizani iko ya uongo, baba anarudi nyumbani na nusu ya makuta yake. Juu ya ile tunagomba, tunapiga kelele. Lakini siku watoto wetu wanapanda ringi, hatuulizi kitu. Wamepimwa? Nani aliwapima? Na ile kilo, waliishusha namna gani?

Sisi tunasema: mizani ya ringi inapita ya depo, sababu pale kinachopimwa ni uzima wa mtoto.

Zamani huko Uingereza watu walipigana bila kutazama kilo. Kidogo kidogo, katika karne ya 19, wakagawanya: wepesi, wa katikati, wazito. Leo bokse ya kulipwa iko na madaraja 17, kuanzia kilo 47,6 mpaka wazito wanaopita kilo 90,7, na shirika la WBC liliongeza la 18 mwaka 2020. Sababu haiko siri. Ngumi haitoki kwa mukono peke yake, mwili wote uko nyuma yake. Kijana wa kilo 57 akipigwa na wa kilo 75, ujuzi wake hautamuokoa muda mrefu.

Tutazame ndugu wawili wa Kananga. Tarehe 31 mwezi wa kwanza 2020, hapa kwetu Kinshasa, Ilunga Makabu alimushinda Michał Cieślak wa Poland, akapata mukanda wa WBC katika daraja linaloishia kilo 90,7. Mudogo wake Martin Bakole iko kati ya wazito. Jamaa moja, kilo mbali mbali, kila mutu kwa daraja lake. Na kwa wazito, ambako kilo haina mwisho, hatari iko pia: mwezi wa pili 2025 Bakole aliitwa siku mbili tu mbele ya mechi na Joseph Parker huko Riyadh. Alipanda na kilo karibu 143, bila matayarisho, akasimamishwa raundi ya 2.

Lakini kuko ubaya mwingine unaotuogopesha zaidi: kukausha mwili. Kijana anataka daraja la chini, anafikiri kule atakuta wadogo. Basi anaacha maji, anakimbia saa sita ya mchana na mufuko wa plastiki chini ya jaketi. Mwezi wa 12 mwaka 2015, Yang Jian Bing wa China, miaka 21, alikufa akishusha kilo mbele ya mechi huko Manila. Hakupigwa hata ngumi moja. Shirika lililotayarisha mechi likakataza kushusha kilo kwa njia ya kukausha maji. Mufu hakurudi.

Ninyi munaoshuka kwenye shimo la joto munajua vile mwili unakuwa bila maji: kichwa inazunguka, miguu inalegea, moyo unapiga mbio. Sasa muongeze ngumi za kichwa juu yake.

Kuko wenye kusema: hata wakubwa wa dunia wanashusha. Ni kweli, na wako na waganga pembeni. Vinesh Phogat wa India, aliyepigana mieleka kwa kilo 53 kule Tokyo, alishuka 50 kwa Olimpiki ya Paris 2024. Alishinda mara tatu kwa siku moja. Asubuhi ya fainali mizani ikaonyesha gramu 100 zaidi, akaondolewa. Wengi walilia kwamba sheria iko kali. Sisi tunaona sheria ilikuwa sawa. Ubaya ni kulazimisha mwili kuingia mahali hauenei.

Basi tunaomba nini? Kila klabu ya bokse iwe na mizani ya kweli, watoto wapimwe mbele ya wazazi, asubuhi ya mechi, kama vile wanafanya kwa Olimpiki. Mechi ya kilo zisizolingana ivunjwe, hata kama watu wamejaa na wamelipa. Kijana ambaye angali anakua asishushwe kilo: apande daraja, haiko haya. Na aliyeanguka kwa ngumi asirudi mazoezini kama munganga hajamutazama.

Mama ndiye wa kwanza kuona. Mtoto akikataa bukari na maji siku tatu, akisema ni kocha amemuambia, mama, usinyamaze. Nenda kwa kocha, umuulize. Na sisi baba, tukienda kwenye mechi jumapili, tuulize kilo za wale watoto wawili mbele ya kununua tiketi. Kama hakuna mwenye kuzijua, turudi nyumbani na watoto wetu.